Kutoka Mafiga hadi Tundu la Jeti: Historia ya Moto wa Jikoni Waberi, Garissa

Wadi ya Waberi, ambayo pamoja na Galbet, Township na Iftin huunda eneo bunge la Garissa Township, lililojulikana kama Dujis kabla ya uchaguzi wa 2013, imo ndani ya mji wa Garissa, mashariki mwa Mto Tana. Katika ua mmoja wa wadi hiyo si ajabu kukuta aina tatu za moto zikitumika siku moja: kuni za sufuria kubwa, makaa ya kuchoma nyama na kufukizia ubani, na jiko la gesi la kupikia chai kabla watoto hawajaenda dugsi, yaani madrasa ya Kurani. Waandishi wa masuala ya nishati hupenda kuipanga mioto hiyo kama vidato, kuni chini na gesi juu, ilhali familia za Garissa zimeongeza kila nishati mpya juu ya ile ya zamani bila kuiacha iliyotangulia. Kilichobadilika kwa hakika ni mahali hitilafu ya moto inapojificha na mtu anayeweza kuiondoa, na historia ya jiko lenye kichomeo kibovu, jambo linaloonekana dogo, huanzia mbali kuliko mtungi wa kwanza wa gesi uliofika mjini humo.

Jiko la kale kuliko yote katika nyika ya Kaskazini Mashariki ni mafiga matatu, ambayo Wasomali huyaita dhardhaar. Mfugaji aliyehama na ngamia wake alivunja aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na kuezekwa mikeka, akaipakia mgongoni mwa ngamia pamoja na vyombo, lakini mafiga aliyaacha, kwa kuwa mawe mengine yalipatikana huko mbele. Moto wa mafiga ulipokataa, sababu yake ilionekana kwa macho: kuni zilikuwa mbichi, au zilisongamana zikazuia hewa, au upepo ulipiga upande usiokingwa. Tiba nayo ilikuwa mikononi mwa mpishi mwenyewe, ambaye alichochea, akapuliza, akasogeza ukuni mmoja na kuchomoa mwingine, na ujuzi huo, pamoja na ule wa kutambua mti unaotoa moshi mkali na ule unaoacha kaa zuri, ulirithiwa na binti kutoka kwa mama yake. Kuni zilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna nishati iliyokuja baadaye imeweza kuichukua: vyombo vya kuhifadhia maziwa ya ngamia hufukizwa ndani kwa vijiti vinavyowaka, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate ladha ya moshi inayopendwa na wanywaji. Moto wa gesi, kwa kuwa hautoi moshi huo, hauna la kusaidia hapo.

Makaa yaliingia kwa njia zaidi ya moja. Upande wa Somalia, jiwe jepesi na laini linalochimbwa El Bur, ambalo wanajiolojia huliita sepiolaiti, lilichongwa kuwa burjiko, yaani jiko la makaa, na kuwa dabqaad, chetezo cha kufukizia uunsi, ambao ni ubani uliochanganywa na sukari na manukato. Upande wa Kenya lilitangulia jiko la bati, ambalo asili yake mara nyingi hunasibishwa na vibarua wa Kihindi waliojenga reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19, na ambalo mafundi walilikata kutoka kwa madebe yaliyokuwa yameletewa mafuta ya taa. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, uliofanyika Nairobi mwezi Agosti 1981, jiko hilo liliboreshwa kwa kutiwa utando wa udongo wa kuchomwa kwa mfano wa jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa juakali wa Nairobi wakalieneza nchini. Hitilafu za jiko la makaa ni chache na hazijifichi sana, kwa maana ama majivu yameziba matundu ya wavu, ama udongo umepasuka, ama mlango wa hewa umekwama kwa kutu. Hata hivyo, hapa ndipo mpishi alipoanza kumhitaji mtu mwingine, kwa kuwa udongo uliopasuka haukutengenezwa nyumbani, bali jiko lilirudishwa kwa mfua bati.

Mji uliopokea majiko hayo haukukua katika hali ya kawaida. Waingereza waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, kwa sheria za 1926 na 1934 zilizozuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliendeleza hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi 1991. Haiwezekani kuandika juu ya moto Garissa bila kutaja Novemba 1980, wakati askari wa serikali walipochoma nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, tukio ambalo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiweka katika ripoti yake ya 2013.

Mwaka 1991, dola ya Somalia ilipoanguka, wakimbizi walianza kufika Dadaab, umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Garissa, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambazo kufikia 2011 zilikuwa na karibu watu nusu milioni, ziliigeuza kuni kuwa suala la usalama na la mazingira kwa pamoja. Wanawake waliotoka kambini kutafuta kuni walishambuliwa na kubakwa msituni, na hilo lilikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya UNHCR ianze kugawa kuni mwishoni mwa miaka ya 1990, huku shirika la ushirikiano wa kiufundi la Ujerumani, GTZ, likieneza majiko sanifu yanayotumia kuni kidogo. Mti uliokuja kuziba pengo kwa kiasi fulani ni mathenge, mwiba wa asili ya Amerika uliopandwa katika maeneo kame ya Kenya kuanzia miaka ya 1970, ukiwemo mradi wa umwagiliaji wa Bura ng'ambo ya Tana, na ambao sasa wafugaji huulaani kwa kuziba malisho na kuharibu meno ya mbuzi, lakini wachoma makaa huusifu. Biashara ya makaa ilibanwa na sheria kutoka pande mbili. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 2036, lilipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Somalia, na Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya gunia ikapanda.

Kabla ya gesi, hata hivyo, kulikuwa na mafuta ya taa, na hapa ndipo historia ya kichomeo inapoanza hasa. Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Stockholm alibuni jiko lisilotumia utambi, lililouzwa kwa jina la Primus na kuenea Afrika Mashariki katika kambi za maofisa, katika maduka na katika vibanda vya chai. Tangi lake la shaba nyeupe hupigwa pampu hadi hewa iliyomo iyasukume mafuta juu, mafuta hupita katika bomba lililopashwa moto yakageuka mvuke, na mvuke huo hutoka kwa kasi katika tundu jembamba, ukivuta hewa ya pembeni na kuwaka kwa mwali wa samawati wenye mvumo. Kwa mara ya kwanza, moto wa jikoni ulitegemea tundu moja ambalo jicho halikuweza kuliona vizuri. Masizi au takataka ya mafuta ilipoliziba, moto ulidhoofika au ukazimika kabisa, na tiba haikuwa kuchochea wala kupuliza, bali kuingiza sindano ya stovu, ambayo ni waya mwembamba mno uliobanwa kwenye kipini cha bati na kuuzwa madukani kwa bei ndogo.

Sindano hiyo ilikuwa na siri yake. Waya wake ulipimwa ulingane na tundu, ilhali mtu aliyeipoteza na kutumia sindano ya kushonea alilipanua tundu lile, kwa kuwa chuma ni kigumu kuliko shaba nyeupe, na tundu likishapanuka mafuta hupita kwa wingi kuliko hewa, mwali ukawa wa manjano na sufuria ikajaa masizi. Fundi wa stovu alimtambua mteja wa namna hiyo kwa kuitazama sufuria yake tu. Jiko la utambi, ambalo ni la bei nafuu zaidi na halina pampu, liliwaokoa wengi na usumbufu huo kwa gharama ya moshi na harufu, hadi Septemba 2018, serikali ilipoyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwazuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Aliyekuwa akiyapendelea kwa unafuu wake alilazimika kupiga hesabu upya.

Gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani ulioshindiliwa hadi ukawa kimiminika, ilitokana kwa miaka mingi na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi 1963 na kusimamisha usafishaji 2013, mwaka ambao bohari kubwa ya kibinafsi ya kupokea gesi kutoka meli ilifunguliwa katika mji huohuo. Mbali na uhaba, kulikuwa na kikwazo cha vali: kila kampuni ilikuwa na vali yake, na mwenye mtungi alikuwa mateka wa muuzaji mmoja, hadi kanuni za 2009 zilipolazimisha vali ya aina moja na mitungi ya kubadilishana. Kwa mji ulio takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, unaoletewa mizigo kwa lori kupitia Thika na Mwingi, hilo lilikuwa badiliko kubwa, kwa sababu mtungi mtupu wa chapa yoyote ulipokelewa na duka lolote lenye mtungi uliojaa. Kodi nayo ilipanda na kushuka. Gesi iliondolewa VAT mwaka 2016, ikatozwa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikapunguziwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa tena 2023. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa karibu asilimia 24 ya kaya za Kenya zilipikia gesi na asilimia 55 kuni, lakini wastani huo wa taifa hubebwa na Nairobi na miji mikubwa, na kaunti ya Garissa kwa jumla imebaki nchi ya kuni.

Jiko lililowafikia wengi kwanza ni meko, yaani mtungi mdogo wa kilo 6 ambao kichomeo chake hufungwa juu yake moja kwa moja. Baadaye likaja jiko la mezani lenye vichomeo viwili au zaidi, linalounganishwa na mtungi kwa mpira na regyuleta, kifaa kinachopunguza kani ya gesi. Katika joto la Garissa, ambalo mchana hupita nyuzi 34 za Selsiasi kwa miezi mingi, kani ndani ya mtungi huwa zaidi ya mara mia ya ile inayoruhusiwa kufika kwenye jiko, na ndiyo sababu mtungi hauwekwi juani na regyuleta mbovu haifanyiwi mzaha. Gesi yenyewe haina harufu: uvundo unaojulikana na kila mpishi hutiwa makusudi, kwa kemikali ya jamii ya merkaptani, ili uvujaji ugunduliwe mapema. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, karibu na sakafu, mahali ambapo katika nyumba nyingi za Waberi pana mkeka na watu walioketi.

Kichomeo cha gesi ni ndugu wa Primus. Wote wawili wanafuata kanuni aliyoitumia Robert Bunsen huko Heidelberg mwaka 1855, ya kuichanganya gesi na hewa kabla haijawaka. Gesi hutoka katika jeti, kipande kidogo cha shaba nyeupe chenye tundu ambalo kwa kawaida halifiki milimita moja, ikapita kwa kasi katika bomba lililobanwa katikati, linaloitwa kwa jina la mwanafizikia Mwitalia Giovanni Battista Venturi, na kasi hiyo huvuta hewa kutoka pembeni. Mchanganyiko hupanda hadi kwenye kichwa cha kichomeo na kutokea katika matundu ya mzunguko yaliyo chini ya kifuniko. Ujazo mmoja wa propani huhitaji takriban ujazo 24 wa hewa ili uungue wote, na ujazo mmoja wa butani huhitaji 31, kwa hiyo hitilafu nyingi za jiko la gesi, zikichunguzwa vizuri, ni hitilafu za hewa.

Uchunguzi huanza kwa swali moja: je, ni kichomeo kimoja kilichodhoofika, au ni vyote? Vikidhoofika vyote kwa pamoja, tatizo liko nyuma ya jiko, pengine mtungi umekwisha, regyuleta imechoka, au mpira umekunjika au umekauka na kupasuka kwa joto, na mpasuko hutafutwa kwa povu la sabuni linalopakwa kwenye maungio na kutazamwa kama litatoa mapovu, wala si kwa njiti ya kiberiti, ingawa wapo wanaothubutu. Kikidhoofika kimoja, tatizo ni lake, na mara nyingi mpishi wa Waberi hulijua kabla ya kutazama mwali, kwa sababu anjera, mkate mwembamba wa maji unaomiminwa kwa duara juu ya kikaango bapa, huiva upande mmoja na kubaki rojo upande wa pili pale matundu ya upande huo yanapokuwa yameziba. Mzibo wenyewe aghalabu ni chai: maziwa na sukari vikifurika husambaa juu ya kichwa cha kichomeo na kuungua hadi vikawa gamba gumu, ambalo huondolewa kwa kuloweka kichwa hicho katika maji ya moto yenye sabuni, kusugua kwa brashi, kupitisha kijiti katika kila tundu, na kukausha kabisa kabla ya kukirudisha, kwani tone la maji lililobaki ndani huufanya mwali urukeruke na kulia.

Mwali wa manjano baada ya usafi huo humaanisha kwamba hewa bado haitoshi. Vumbi jekundu la nyika, likichanganyika na mafuta ya kupikia, hujenga utando kwenye mlango wa hewa, na buibui wadogo hupenda kusuka ndani ya bomba la jiko lililokaa bila kutumika, kwa mfano wakati familia imesafiri. Mwali unaoinuka na kuachana na kichwa cha kichomeo huashiria kinyume chake, yaani kani au hewa iliyozidi. Ule unaorudi ndani kwa mlio na kuwakia kwenye jeti mara nyingi husababishwa na kifuniko kilichorudishwa upande, na jiko lake lapasa kuzimwa mara moja kabla bomba halijapata moto mno. Jeti iliyoziba hufunguliwa mwishowe, mtungi ukiwa umefungwa, na hapa ujuzi wa fundi wa Primus umehamia kwenye gesi bila kubadilika: fundi mzuri hupitisha uzi mmoja wa shaba nyekundu uliochomolewa katika waya wa umeme, ambao ni laini kuliko shaba nyeupe na hauwezi kulipanua tundu, naye fundi mbaya huchukua sindano ya kushonea.

Jeti ina historia nyingine ya hitilafu, inayotokana na biashara. Garissa Lodge, nyumba ya wageni ya Eastleigh, Nairobi, iliyogeuzwa kuwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilifungua njia ya bidhaa za Dubai zinazoletwa na wafanyabiashara wa Kisomali, na njia hiyo huishia pia katika maduka ya Garissa. Jiko lililotengenezewa nchi zenye gesi asilia ya bomba huwa na jeti za tundu kubwa zaidi, kwa sababu gesi asilia ina nguvu ndogo kwa ujazo uleule, na likiunganishwa na mtungi wa propani na butani hutoa mwali mrefu wa manjano ambao hakuna usafi utakaouponya. Jeti hizo hubadilishwa, hazisafishwi, na mnunuzi asiyesoma kibandiko cha nyuma ya jiko huenda akamlipa fundi mara kadhaa kwa kazi isiyohitajika.

Kanuni za 2019 ziliondoa ulazima wa kubadilishana mitungi, zikaacha kampuni ziafikiane kwa maandishi, kwa hoja kwamba mfumo wa awali uliwanufaisha wajazaji haramu. Hatari waliyoileta wajazaji wa aina hiyo ilidhihirika usiku wa Februari 1, 2024, mtambo wa gesi usio na idhini ulipolipuka Embakasi, Nairobi, na kuua watu kadhaa. Hoja hiyo ina uzito, ingawa mji ulio mbali na bohari hubeba gharama yake kwa namna ambayo Nairobi haiihisi: mwenye mtungi wa chapa isiyo na wakala karibu huweza kulala bila gesi huku duka la jirani likiwa na mitungi tele.

Majiko mapya zaidi yameongeza kifaa kiitwacho thamokapo, kijiti cha metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani, ambacho kikipashwa moto na mwali huzalisha umeme mdogo sana, wa makumi machache ya milivolti, unaotosha kushikilia vali wazi. Mwali ukizimwa na upepo au na chai iliyofurika, umeme hukatika na vali hujifunga yenyewe. Hitilafu yake humchanganya mpishi, kwa sababu jiko huwaka vizuri maadamu kishikio kimebonyezwa, na huzimika pindi kinapoachiliwa. Ncha iliyofunikwa na masizi au maziwa makavu husafishwa kwa msasa laini, na mara nyingi hiyo hutosha, lakini kifaa chenyewe kikiungua hakina waya wala sindano ya kukiponya. Lazima kinunuliwe kinacholingana na jiko lile, na kama hakipatikani mjini huagizwa Nairobi. Fundi asiye na subira hushawishika kukiondoa na kuifungua vali daima. Jiko huwaka siku hiyohiyo, na kuanzia hapo ulinzi pekee unaobaki ni pua ya mpishi na harufu ya merkaptani.